Kijerumani kati ya Kimara na Kivukoni

Darasa la Kijerumani la jioni, liwe Dar es Salaam, Arusha au Nairobi, utalitambua kwa viatu. Yumo muuguzi aliyepitiliza kutoka wodini, fundi umeme mwenye buti za saiti, na mwongoza watalii ambaye mvua za masika zimempa likizo asiyoiomba. Wote wana kazi, wengi wana watoto, na kila mmoja ameshapiga hesabu ya ada, nauli, foleni na usingizi utakaopungua. Anayeishia njiani ukimuuliza kilichomshinda, atakutajia muda kabla hajataja sarufi.

Haja yao si ya kubuni. Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin makubaliano ya uhamiaji na ajira, na tangu hapo Kijerumani kimekuwa gumzo hata kwenye familia ambazo hazikuwa na habari nacho. Ujerumani ina wazee wengi, na hospitali zake pamoja na nyumba za kulelea wazee zinatafuta wauguzi. Muuguzi anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya kwa kawaida hudaiwa cheti cha ngazi ya B2 kabla sifa zake hazijatambuliwa kikamilifu. Upande wa Tanzania, mwongoza watalii wa Kilimanjaro au Serengeti anayezungumza Kijerumani, Kifaransa au Kihispania ana wageni ambao mwenzake wa Kiingereza pekee hawapati. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayefuata mzigo Guangzhou naye anatamani Kichina cha kumtosha kubishana bei bila kumlipa mkalimani.

Lugha zinatofautiana, ila swali ni lile lile: mtu mzima aliyejaa shughuli ataiweka wapi lugha nyingine? Makala haya yanashika Kijerumani kama mfano kwa sababu mitihani yake inapimika, lakini njia yenyewe itamfaa hata wa Kichina na Kiarabu.

Kwanza hesabu ya kweli

Baraza la Ulaya lilitoa mwaka 2001 mpangilio wa ngazi sita za umahiri wa lugha, kuanzia A1 ya mwanzo kabisa hadi C2 ya mbobezi. Taasisi ya Goethe, inayofundisha na kutahini Kijerumani duniani kote, inakadiria kwamba kufika B2 kunahitaji vipindi 600 hadi 800 vya dakika 45. Ukivigeuza kuwa saa, ni kati ya 450 na 600.

Sasa ziweke saa hizo kwenye maisha ya mtu wa zamu. Akipata nusu saa kwa siku bila kukosa hata siku moja, atazimaliza kwa siku 900 hadi 1,200, yaani miaka miwili na nusu au mitatu na ushee. Akipata saa moja na nusu kwa siku, atahitaji siku 300 hadi 400. Kichina ni kirefu zaidi. Chuo kinachowafunza wanadiplomasia wa Marekani kimeweka lugha hiyo, pamoja na Kiarabu, Kijapani na Kikorea, kwenye kundi la saa 2,200 za darasani kwa mzungumzaji wa Kiingereza, na wanafunzi wake hulipwa mshahara wakisoma kutwa nzima. Kwa nusu saa kwa siku, hiyo ni miaka 12.

Hesabu hii haikuwekwa hapa ili kumkatisha mtu tamaa. Inamsaidia kuchagua. Mfanyabiashara wa Kariakoo hana haja ya saa 2,200, kwa sababu haendi kuandika ripoti ya ubalozi. Tarakimu, vipimo, rangi, bei na tarehe ya kupakia kontena vitamtosha, na hivyo vinapatikana kwa miezi. Muuguzi hana ujanja huo. Mtihani wake una sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuzungumza na kuandika, na hakuna hata moja inayoweza kumbebea nyingine.

Siku ina viungo visivyo na kazi

Mtu akisema hana muda, mara nyingi husema kweli. Kosa linaanzia pale anapotafuta saa tupu: saa moja ya kukaa mezani, kitabu wazi, nyumba kimya. Kwenye nyumba yenye watoto watatu na luninga moja, saa hiyo haipo na haitakuja.

Kinachopatikana ni kitu kingine. Karibu kila kipande cha siku kina kiungo kimoja cha mwili kisicho na kazi. Ndani ya basi, mikono imeshika bomba na macho yanalinda mkoba, lakini masikio yako huru. Kwenye foleni ya benki macho yana nafasi. Jikoni, mikono na macho viko kwenye sufuria, ila mdomo haufanyi lolote. Mkono wenye kalamu ndio mgumu kuupata, na ndio huo tu unaostahili kutengewa muda wake maalumu. Anayeuliza kila saa "kiungo gani sasa hivi kiko huru?" hugundua kwamba sehemu tatu kati ya nne za mtihani zinaweza kuingia kwenye siku aliyo nayo bila kuondoa chochote.

Masikio

Njia ya mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam kutoka Kimara hadi Kivukoni, iliyoanza kazi Mei 2016, ina urefu wa karibu kilomita 16. Asubuhi ya siku ya kazi, abiria aliyesimama ndani ya basi hana hata mkono wa kujikunia. Kutoa simu ni kumtafutia kazi mwizi. Lakini simu ikiwa ndani ya mkoba uliobanwa kifuani, na waya ukipanda hadi sikioni, safari nzima inageuka kuwa kipindi cha kusikiliza.

Usikilize nini? Deutsche Welle, ambayo idhaa yake ya Kiswahili wasikilizaji wa Afrika Mashariki wanaifahamu tangu 1963, ina mafunzo ya Kijerumani ya bure. Wanaoanza wana Nicos Weg, mfululizo wa filamu unaomfuata kijana Mhispania anayetua Ujerumani na kupotelewa na begi lake, na unaokwenda kutoka A1 hadi B1. Waliokwisha kuvuka hapo wana habari zinazosomwa polepole, zikiambatana na maandishi yake. Vyote vipakuliwe mahali penye Wi-Fi usiku, ili asubuhi bando lisiguswe.

Kosa la wengi hapa ni uroho. Mtu husikiliza habari tano mpya kwa safari moja, akashuka Kivukoni amelemewa na hana alichobakiza. Afadhali habari moja ya dakika tano, mara tatu. Asubuhi aisikilize hata kama anashika majina ya nchi tu. Mchana, akinywa chai, asome maandishi yake na kutazama maneno matano yaliyomkwamisha. Jioni akirudi aisikilize tena. Safari hii ya tatu ndiyo yenye faida, maana sikio linakutana na sauti ambayo macho yameshaijua.

Macho

Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba cha maneno ya kigeni kinavuja. Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Kijerumani, alilipima jambo hilo kwa kichwa chake mwenyewe. Alikariri silabi zisizo na maana yoyote, akahesabu alizisahau kwa kasi gani, na mwaka 1885 akachapisha matokeo. Sehemu kubwa huvuja saa za mwanzo, kisha uvujaji hupungua. La muhimu zaidi kwa mtu mwenye kazi ni jaribio lake jingine: marudio 38 yaliyogawanywa kwa siku tatu yalimsaidia sawasawa na marudio 68 aliyoyafanya kwa mkupuo siku moja.

Hii ni habari njema kwa mtu aliyekatiwa muda wake vipande vipande. Dakika tano za leo, tano za kesho na tano za keshokutwa zinampa zaidi ya robo saa ya mkupuo. Mwanafunzi mwenye Jumamosi nzima ya kujifungia hana faida kubwa kama anavyodhani.

Mwaka 1972 Sebastian Leitner aliugeuza ukweli huo kuwa kifaa cha nyumbani: kisanduku chenye vyumba na kadi ndogondogo. Neno ulilolipata linahamia chumba cha mbele, ambako litaulizwa baada ya siku nyingi zaidi. Ulilolikosa linarudi chumba cha kwanza na kuulizwa kesho. Kwa maboksi ya viatu na karatasi za manila zilizokatwa, gharama yake ni ndogo kuliko nauli. Anayependa simu ana Anki, programu inayopanga kadi kwa kanuni hiyo hiyo, ya bure kwenye simu za Android, na inafanya kazi bila intaneti kadi zikishaingizwa. Kadi ishirini zinamalizika wakati foleni ya benki haijasogea watu wanne.

Mzungumzaji wa Kiswahili ana mtaji ambao hautumii. Wanafunzi wa Kijerumani wanalalamikia der, die na das, wakati wao wenyewe wamekulia kwenye lugha ambayo nomino inaamuru kila kinachoifuata. Hakuna mtoto aliyejifunza "kiti" peke yake. Alisikia kiti kimevunjika, kiti changu, kiti hiki, na ngeli ikaingia bila kuitwa. Kadi nazo ziandikwe hivyo. Badala ya Spritze tupu, iandikwe die Spritze, bomba la sindano, ndani ya sentensi fupi ya wodini. Vivyo hivyo das Fieber, homa, na der Verband, bandeji. Atakayekariri maneno bila vichwa vyake atalazimika kuyakariri mara ya pili.

Mdomo

Hapa ndipo wengi huanguka. Mtu anaelewa habari za redio, anasoma barua, na akiulizwa jina lake na mtahini, koo linakauka. Sababu ni kwamba mdomo wake haujawahi kufanya kazi hiyo. Na kisingizio chake ni kwamba hana wa kuzungumza naye.

Kwa kisingizio hicho, Heinrich Schliemann ana jibu. Kabla hajawa mchimbaji mashuhuri wa magofu ya Troy, alikuwa tarishi wa ofisi mjini Amsterdam katika miaka ya 1840, kijana wa Kijerumani mwenye mshahara mdogo na siku ndefu. Kwa maelezo yake mwenyewe, na tukumbuke alikuwa mtu wa kupamba hadithi zake, alijifunza Kiingereza akiwa njiani kutumwa, kitabu mkononi hata kwenye mvua, na akisimama posta kusubiri barua alisoma. Jumapili alikwenda kanisa la Waingereza mara mbili, akirudia mahubiri chini kwa chini ili aige matamshi. Nusu ya alichopata kwa mwaka alikitumia kwa masomo.

Mwaka 1844 aliingia kampuni iliyofanya biashara na Warusi, akaamua kujifunza Kirusi. Hakupata mwalimu. Akakariri hadithi kwa sauti kubwa chumbani, na kwa kuwa kuongea na ukuta kulimchosha, akamwajiri mzee mmoja maskini kwa faranga nne kwa wiki aje kila jioni kumsikiliza kwa saa mbili. Mzee huyo hakujua Kirusi hata neno moja. Wapangaji wenzake walichoshwa na kelele, na Schliemann akalazimika kuhama nyumba mara mbili. Januari 1846 kampuni ilimpeleka St. Petersburg kuwa wakala wake.

Tukitoa chumvi yote, linabaki jambo moja la kutumia: msikilizaji hahitaji kuijua lugha. Muuguzi wa Kimara ana msikilizaji wa aina hiyo nyumbani, tena hataki faranga. Ni mtoto wa darasa la tano. Mpe kadi ashike upande wa Kiswahili, asome "Una maumivu? Tangu lini?", na mama aliye kwenye sufuria ajibu kwa sauti, Haben Sie Schmerzen? Seit wann? Mtoto hajui Kijerumani, lakini jibu limeandikwa upande wa pili wa kadi na anaweza kulifuatisha kwa kidole. Atamshika mama yake akiruka neno, na atafurahi kumshika.

Wasio na mtoto wa kuwasikiliza wana njia ya Kató Lomb, Mhungaria aliyesomea kemia na kuishia kuwa mkalimani wa lugha nyingi. Alikianza Kirusi wakati wa Vita Kuu ya Pili, kwa riwaya na kamusi, bila darasa. Katika kitabu chake cha mwaka 1970 anashauri lugha iguswe kila siku, na anayekosa muda kabisa ajizungumzishe mwenyewe angalau dakika kumi. Muuguzi ana hotuba yake tayari: ripoti ya kukabidhi zamu. Ameitoa kwa Kiswahili na Kiingereza mara zisizohesabika, na atakapofika Ujerumani ataitoa kila siku. Akioga, aitoe kwa Kijerumani: mgonjwa wa kitanda cha tatu amelalaje, homa ni ngapi, dawa gani imetolewa saa ngapi. Anapokwama, amepata orodha ya kadi za kesho.

Mkono

Kuandika hakuna njia ya mkato, na ndiyo sehemu pekee inayostahili kupiganiwa ndani ya ratiba. Saa moja ya Jumapili, baada ya ibada au baada ya chakula, iwekwe kama miadi ya kliniki, na walio nyumbani wajulishwe kwamba haivunjwi. Iandikwe barua moja, ya kulalamika, kuomba au kueleza maoni, maana hizo ndizo hupendwa na watahini, kisha ipelekwe kwa mwalimu. Makosa yakirudi na wino mwekundu, kazi si kuyasoma. Barua iandikwe upya. Schliemann naye, alipojifunza Kiingereza, aliandika insha, zikasahihishwa na mwalimu, akazikariri zilizosahihishwa.

Malindi hawakwenda darasani

Anayedhani watu wazima hawajifunzi lugha bila kozi aende Malindi. Waitaliano walianza kujenga kituo chao cha kurushia roketi cha San Marco jirani na mji huo katika miaka ya 1960, na baada ya wahandisi wakaja watalii, wenye hoteli na wastaafu. Leo muuza vinyago wa ufukweni, dereva wa tuktuk na mhudumu wa mgahawa wanaongea Kiitaliano ambacho hakuna aliyewalipia ada.

Walikipataje? Kwa wateja wa aina moja, mazungumzo ya aina moja, yanayorudiwa mara nyingi kila siku, na jibu linalokuja papo hapo: umeeleweka, umeuza, hukueleweka, mteja amepita. Kanuni ya Ebbinghaus ya marudio inatekelezwa hapo pasipo mtu kulitaja jina lake. Kwa mwongoza watalii wa Arusha funzo ni la moja kwa moja. Asianze na sura ya kwanza ya kitabu inayozungumzia posta ya Munich. Aanze na anachokisema kila siku: tembo huyu ni jike, tusishuke garini, chakula cha mchana ni saa saba.

Lakini Malindi inaonyesha pia mpaka. Kiitaliano cha ufukweni kinaishia ufukweni. Wengi wanaokizungumza kwa ufasaha wa kuuza hawawezi kukiandikia barua ya ofisi, kwa sababu biashara haikuwahi kuwadai barua. Kazi hukufundisha kile inachokudai, na mtihani wa B2 unadai zaidi ya wodi na zaidi ya mbuga. Ndiyo maana darasa la jioni bado lina nafasi yake, hasa kwa sarufi na maandishi. Kipindi cha darasani kisipotezwe kwa kukariri maneno ambayo foleni ya benki ingeyamaliza.

Wiki mbaya

Ratiba yoyote nzuri hukutana na wiki ya msiba, ya mtoto mgonjwa, au ya zamu tatu za usiku mfululizo. Anayesema "nitafidia wiki ijayo" hurudi akikuta kadi 300 zinamsubiri, akafunga programu asiifungue tena. Wiki kama hiyo ipunguzwe kwa utaratibu. Kalamu iachwe, maneno mapya yasimamishwe, masikio na mdomo viendelee kwa dakika kumi. Anayetoka zamu ya usiku asijaribu sarufi mpya saa tatu asubuhi. Arudie ya zamani, kisha alale.

Unafuu mwingine uko kwenye mtihani wenyewe. Tangu 2019 mtihani wa B2 wa Goethe umegawanywa kwa moduli nne, na mtahiniwa anaweza kufanya moja moja, kila moja ikitaka alama 60 kati ya 100. Mwenye kazi hana sababu ya kubeba zote nne kwa siku moja. Anaweza kuanza na kusikiliza, sehemu ambayo basi limempa bure, akaweka cheti hicho kabatini huku akiujenga mkono wake kwa Jumapili za miezi inayofuata. Ila aulize mapema mwajiri au mamlaka anayoiombea kama wanapokea vyeti vya tarehe tofauti.

Na kabla hajalipa ada popote, abebe hesabu ya mwanzo wa makala haya. Mitaani kuna matangazo ya B2 kwa miezi mitatu. Saa 450 hadi 600 zikigawanywa kwa siku 90 ni saa tano hadi karibu saba kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Kijana aliyemaliza chuo na anayekaa kwa wazazi anaweza kuzipata. Muuguzi aliye kazini amuulize mwenye tangazo saa hizo zitatoka zamu ipi, na asitoe hela hadi ajibiwe.